Jia, Paa Lenye Nguruwe Chini Yake

Niliiona mara ya kwanza ubavuni mwa boksi la bolti. Kampuni ya Wachina iliyokuwa ikijenga barabara ilikuwa imepiga kambi nje kidogo ya Naro Moru, na mimi nilikuwa karani wa stoo. Kazi yangu ilikuwa kupokea, kuandika, kutoa, na kugombana na mafundi waliotaka glavu mpya kila Jumatatu. Maboksi yalikuja yameandikwa Kichina pande zote. Mwanzoni niliyatambua kwa uzito na kwa mlio wa kilicho ndani. Baada ya miezi michache nikaanza kuitambua michoro yenyewe, jinsi mtu anavyozizoea sura za watu kanisani bila kujua majina yao. Sura moja ilirudi kwenye karibu kila boksi. Ilikuwa hivi: 家.

Nilimuuliza mkubwa wangu wa stoo. Alikuwa Mchina wa umri wa baba yangu mdogo, mtu aliyebakisha mwaka mmoja au miwili astaafu, na alivaa koti la baridi hata jua la Februari likiwaka. Kiswahili alikiokota kwa madereva wa malori, kwa hiyo kilikuwa kifupi na hakikuwa na adabu nyingi, lakini kilifika. Alilitazama boksi, akanitazama mimi.

"Hiyo jia," alisema. "Jia ni nyumbani."

Nilitaka kujua nyumbani kunatafuta nini kwenye boksi la bolti. Akanionyesha kwa kidole kwamba herufi hiyo iko mara mbili. Hapa imetanguliwa na herufi ya nchi, na hizo mbili pamoja ni taifa. Boksi linasema bolti zimefuata kipimo cha taifa. Pale imetanguliwa na herufi ya kiwanda, na hizo mbili ni mtengenezaji. Nilimwambia kwamba huku kwetu serikali hatuiiti nyumbani, labda siku ya kuapishwa. Sijui alielewa kiasi gani, ila alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka.

Tangu siku hiyo akawa ananifundisha saa nne, wakati wa chai. Hakutumia karatasi. Alichovya brashi ya rangi kwenye ndoo ya maji akaandika kwenye sakafu ya saruji mbele ya kontena, herufi kubwa kama sinia, kisha akanipa brashi niandike kando yake. Asubuhi za baridi maandishi yalikaa. Mlima ukiwa wazi na upepo ukishuka kutoka huko, yalikauka kabla sijamaliza. Alisema ndivyo wazee wa kwao wanavyofanya mazoezi kwenye bustani za mjini, kila mtu na brashi yake na kopo lake. Mafundi walipita wakitucheka. Mmoja aliuliza kama tunapiga deki na kama tunahitaji sabuni.

Jia ina mapigo kumi ya brashi, na kila pigo lina zamu yake. Matatu ya kwanza ni paa: nukta juu, kijino kushoto, kisha mstari unaolala na kukunja kona. Saba yanayobaki ni kilicho chini ya paa. Mimi nilianza na yale ya chini, kwa sababu mtu yeyote wa kwetu Wamagana anajua nyumba hujengwa kutoka chini. Akaninyang'anya brashi.

"Paa kwanza," alisema. "Hakuna paa, mvua ingia."

Nikamuuliza chini ya paa kuna nani. Nilitarajia aseme baba, au mama, au moto wa kupikia. Alisema ni nguruwe.

Kambi nzima ilikuwa na habari hiyo kabla ya saa sita. Dereva wa lori la maji, Mwislamu wa Majengo kule Nyeri mjini, mtu wa sala tano, alikuja kuitazama mwenyewe. Aliinama juu ya saruji, mikono mgongoni, akasema kwa upole kwamba kwake yeye herufi hiyo haiingii mpaka mwenyeji huyo ahame. Mkubwa wangu alijieleza, nami nikawa mkalimani wa Kiswahili kwa Kiswahili: kwamba zamani kule kwao familia ililala juu na mnyama chini, na nyumba isiyo na nguruwe ilikuwa nyumba isiyo na kitu. Akaongeza kwamba si wote wanaokubali. Wako wanaosema nguruwe aliwekwa pale kwa ajili ya sauti ya neno tu, na mabishano hayo ni ya siku nyingi. Wanaobishana ni wataalamu, na neno mtaalamu nalo, kwa Kichina, linamalizikia na jia.

Hilo lilinichukua wiki nzima kulizoea. Mtu akishika kazi mpaka akazama ndani yake, anapewa jia mwishoni: mchoraji, mwandishi, mwanasayansi. Niliuliza kama karani wa stoo naye hupewa. Mkubwa wangu alifikiri kwa uaminifu kabisa, akasema hapana. Ikitanguliwa na herufi ya ukubwa, inakuwa sisi sote, na ndilo neno alilowaitia wenzake kila asubuhi kwenye mkutano wa usalama. Ikitanguliwa na herufi ya mtu, inakuwa watu wengine, wale wa pembeni wasiotuhusu. Hoteli huhesabiwa kwayo, jia moja, jia mbili, na maduka, na makampuni. Mtu akimtaja baba yake mbele ya wageni, kwa unyenyekevu, anaanza na jia. Na mtawa anayeacha yote na kunyoa kichwa husemwa ametoka kwenye jia. Niliyaandika haya yote nyuma ya kitabu cha kutolea mali, na mkaguzi alipokuja aliyapita bila kuuliza.

Jumapili moja nilimpelekea baba habari ya nguruwe. Baba yuko Wamagana, ana kahawa na ng'ombe wawili, na ni mzee wa kanisa asiyetumia maneno mawili pale ambapo moja linatosha. Nilimkuta akichonga mpini wa jembe. Alisema Wachina wana akili, kwa sababu hakuna mwizi anayeweza kumbeba nguruwe kimya kimya. Kisha akauliza kama nimekunywa chai. Mazungumzo yetu yalikuwa ya kiasi hicho, nami sikuwa nikiyalalamikia.

Novemba mvua ilinyesha mpaka tukahamia ndani ya kontena, na badala ya maji tukatumia chaki kwenye mlango wa chuma. Siku moja nilimuuliza watu wao husemaje mtu akipata mwenzi. Mwanamume, alisema, hukamilisha jia. Mwanamke ana herufi yake peke yake. Akaiandika: 嫁. Ilikuwa jia ile ile, na paa lake na nguruwe wake, na kushoto kwake amesimama mwanamke. Herufi ya mwanamke sikuhitaji kuelezwa, niliijua kutoka kwenye mlango wa choo. Niliitazama kwa muda. Mwanamke hayumo chini ya paa. Yuko nje, kando ya ukuta.

Mkubwa wangu hakuona ajabu yoyote. Alieleza kwamba mwanamke anakwenda kwenye jia ya mume, na kuanzia hapo ana maneno mawili: jia ya mama mzazi na jia ya mama mkwe. Nilimuuliza ipi kati ya hizo ni yake. Alifuta mlango kwa mkono wa koti, akasema chai inapoa. Iliniuma. Nasema hivyo waziwazi kwa sababu kwa muda mrefu nilijifanya haikuniuma.

Mimi nilikuwa nimeolewa Nanyuki. Hatukujaliwa mtoto, na mume wangu alipata kazi Isiolo, na baadaye nikasikia amepata familia huko. Sikungoja kufukuzwa. Nilitoka na masanduku mawili na jiko la gesi, nikapanga chumba Skuta, mtaa wa mjini Nyeri ambako mtu akilipa kodi haulizwi mengi. Mama yangu alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla ya hapo. Kwa baba nilikwenda Jumapili mbili kwa mwezi, nikiwa na mkate na majani ya chai, nikarudi mjini kabla ya giza. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Nilichukulia kwamba anajua na hataki kujua zaidi. Iliendelea hivyo miaka tisa.

Mkubwa wangu alikuwa na sheria moja ya kufundisha ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Herufi huwezi kusema umeijua mpaka uitumie kwenye sentensi, na sentensi lazima iwe ya kweli. Ukiandika kwamba unakula wali, naye alikuona ukila chapati, anafuta. Siku moja ya Januari aliniandikia mwanzo, "Nyumbani kwangu ni", akaniachia nafasi nijaze. Nikajaza Skuta kwa herufi zetu.

"Skuta nani iko?" aliuliza.

Nikasema niko mimi.

"Nyumba ya nani?"

Nikasema ya mwenye nyumba.

"Hiyo kukaa," alisema. "Kukaa iko herufi ingine. Hii sentensi ya uongo. Futa."

Nilikasirika siku mbili. Kilichoniudhi ni kwamba mgeni yule alisema kitu ambacho sote huku tunakijua. Mtu akikutana nawe anauliza unakaa wapi, na baada ya hapo anauliza kwenu ni wapi, na hakuna anayejibu swali la pili kwa jina la mtaa wa kupanga. Siku ya tatu mkubwa wangu alinionyesha ufunguo uliokuwa kwenye mkanda wake. Wazazi wake walikufa, nyumba ya kijijini imefungwa, majani yameota uani mpaka kiunoni. Bado hiyo ndiyo jia, alisema, jia ya zamani. Hakusema kwa huzuni. Alikuwa ananieleza matumizi ya neno.

Februari ndugu yangu mkubwa alinipigia simu. Baba anataka kugawa shamba akiwa hai, ili tusije tukagombana juu ya kaburi lake, na atapanda mipaka mvua za masika zikianza. Sisi mipaka huwekwa kwa matooka, maua yenye kiazi kikubwa kama kichwa cha mtoto, yasiyokufa kwa kiangazi na ambayo hakuna mtu mwenye akili timamu anayeyang'oa. Mpimaji wa serikali huja baadaye na vyombo vyake na kufuata maua. Wana wa kiume wa baba ni wawili. Binti ni mmoja, mimi.

Siku ya kikao niliitwa kupika. Wanaume walikaa sebuleni na mimi na wake za ndugu zangu tukawa jikoni, na kila nilipoingiza chai nilisikia kipande. Niliingiza chai mara nyingi kuliko walivyokuwa na kiu. Mara ya nne baba yangu mdogo, ndiye anayejua mambo ya mila nyumbani kwetu, alikuwa akinitaja.

"Huyu bado ni bibi ya watu," alisema, bila kushusha sauti ingawa nilikuwa nimesimama hapo na birika. "Mbuzi za ruracio hazijarudi. Ukimpatia shamba leo, umepatia watu wa Nanyuki."

Ruracio ni mahari. Mila yetu inasema ndoa ilifunguliwa kwa wanyama na hufungwa kwa wanyama, na mpaka warudi, mwanamke anaweza kulala popote lakini anahesabiwa kule alikoolewa. Ndugu yangu mkubwa, nampa heshima yake, alisema sheria ya nchi haijali mbuzi, na binti ana haki sawa. Baba mdogo akajibu kwamba sheria ingoje baba afe kwanza. Wote wakamtazama baba. Baba alikoroga chai yake, ambayo haikuwa na sukari, akasema atapanda matooka mvua ikinyesha. Kama atapanda sehemu mbili au tatu, hakusema.

Nirudie hapa nilichotaka, maana ndugu zangu walidhani ninataka kahawa. Sikutaka kahawa, na sikutaka kwenda kortini kupewa na hakimu. Nilitaka baba yangu apande mpaka mmoja kwa ajili yangu, akiwa anajua anachofanya, ili mtu akiniuliza kwetu ni wapi nisimeze mate kabla ya kujibu. Mvua ilikuwa karibu wiki sita mbele.

Nikaamua kuwarudisha wanyama mwenyewe. Ndoa yangu ilifunguliwa kama zote za kwetu, kwa kondoo jike mchanga na mbuzi jike mchanga, na nilifikiri kilichofungua ndicho kitafunga. Niliwanunua sokoni Naro Moru kwa mshahara wangu, nikaomba ruhusa ya siku moja. Mkubwa wangu aliuliza ni ya nini. Nikasema ninashughulikia ile sentensi. Akasaini, akatoka nje kuwatazama wanyama, akawapapasa masikio kama mtu aliyewahi kufuga.

Nilikodi pikapu mpaka nyumbani kwa waliokuwa wakwe zangu, mashambani nje ya Nanyuki. Njiani nilikariri maneno. Nilikuwa nimepanga kusema kwamba nimeleta kilichotolewa, na kwamba kuanzia leo hakuna deni kati yetu. Mama mkwe alikuwa uani akianika maharagwe. Alikuwa amezeeka kuliko nilivyojiandaa kumwona. Aliponitambua alishika kichwa kwa mikono miwili, kisha akanishika mimi, na kabla sijafungua mdomo alikuwa ameshawaona wale wanyama.

"Umetuletea mbuzi," alisema. "Miaka hii yote, na umetukumbuka."

Nilijaribu. Nilisema, "Mama, hizi ni za kurudisha," naye akasema ndiyo, Mungu hurudisha, na akamwita shemeji yangu awafunge pamoja na wengine. Akachinja kuku. Akaita majirani wawili waje wamwone bibi wa mwanawe aliyerudi kuwasalimu. Akaniombea, mkono wake kichwani mwangu, maombi marefu, akimshukuru Mungu kwa mke asiyesahau nyumba yake. Nilikula kuku. Nilisema amina. Nilipoondoka alinisindikiza mpaka barabarani, akanifungia kibegi cha mayai.

Mzee yeyote mwenye mvi angeniambia. Mwanamke harudishi mahari yake mwenyewe. Wanaorudisha ni baba yake na wazee wake, wakiwa wamekaa, na maneno yakiwa yamesemwa mbele ya mashahidi. Wanyama wanaoletwa na mwanamke mwenyewe, akiwa peke yake na kitambaa kichwani, ni zawadi ya mke kwa wakwe. Sikumuuliza mzee kwa sababu nilijiona nimesoma. Nilikwenda kuifunga ndoa, nikarudi Skuta nikiwa nimeolewa kuliko siku niliyoondoka.

Ningelificha hilo kama lingefichika. Lakini zawadi hujibiwa, na mama mkwe alikuwa mwanamke wa adabu. Wiki mbili baadaye shemeji yangu alifika Wamagana na gunia la viazi na salamu kwa baba: wamepokea wanyama, wamefurahi, na mlango uko wazi. Baba alipokea gunia. Ndugu yangu aliyekuwepo anasema baba alilitazama lile gunia mpaka shemeji akaondoka, halafu akalibeba mwenyewe mpaka ghalani, ingawa daktari alimkataza kubeba.

Nilingoja anipigie simu. Hakunipigia wiki ile. Machi ilikuwa inaisha na mawingu yalianza kukaa juu ya mlima mchana kutwa. Kazini nilikosea hesabu za rangi mara mbili. Mkubwa wangu hakuniuliza kuhusu sentensi, na nadhani aliona kwamba imenishinda. Alikuwa anafunga mizigo yake, maana mkataba wake ulikuwa umekwisha, na kila jioni aliniachia kitu: thermosi, kalamu, ile brashi.

Kisha Alhamisi moja baba akapiga. Baba huniita mama, kwa sababu mimi ndiye binti yake wa pekee na nimepewa jina la mama yake.

"Mama," alisema, "Jumamosi uvae viatu nzuri. Tunaenda Nanyuki." Akakata.

Tulikwenda watatu: baba, baba mdogo na mimi. Baba alivaa koti la suti alilovaa kwenye harusi ya ndugu yangu. Hakuwa amekanyaga nyumba ile tangu siku ya harusi yangu, na njia nzima aliongea mara moja tu, kuuliza mahindi ya Naro Moru mbona ni mafupi. Mama mkwe alikuwa amepewa habari kwamba wazee wanakuja. Alikuwa ameita shemeji zake wawili, na viti vilikuwa vimepangwa. Nadhani alitegemea kwamba wananirudisha kwake.

Kwenye vikao kama hivyo mazungumzo huanza mbali sana. Watu huulizana habari za mvua na ng'ombe, kisha mmoja anaanza kusimulia kondoo aliyepotea na nyayo zake, na inaweza kupita saa nzima kabla mtu hajamtaja mtu. Baba mdogo ni fundi wa hayo na alikuwa ameshakohoa ili aanze. Baba alinyanyua mkono akamzuia.

"Huyu ni mtoto yangu," alisema. "Mlimwoa vizuri na sisi hatuna neno mbaya. Zile mbuzi alileta ni zangu. Nimekuja kusema ni za kurudisha ruracio, na nimekuja kumchukua."

Mama mkwe alinitazama, na nilijua anakumbuka maombi aliyoniombea na yule kuku. Niliona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na sikushusha macho. Wale shemeji zake walinong'ona naye. Mwishowe mkubwa wao akasema kwamba wanyama walipokewa kwa njia isiyofaa, kwa hiyo sasa wanapokewa upya, kwa njia yake. Baba mdogo, asiyeacha mlango wazi, aliuliza mbele ya wote ili isikike: kwa hivyo akipewa shamba kwao, litakuwa lake peke yake, na hakuna mtu wa hapa atalifuata? Mzee yule akasema hakuna. Mama mkwe akasema hakuna.

Chai ikaletwa. Mimi ndiye niliyeimimina, kwa mazoea tu, kwa sababu birika lile nililijua. Mama mkwe alipokea kikombe chake, akakishika bila kunywa.

"Miaka tisa, mzee," alimwambia baba. "Kama ulikuwa unamtaka, mbona leo?"

Baba aliweka kikombe chini.

"Mama yake alikufa," alisema. "Kwetu msichana huambia mama yake, na mama ndio huambia baba. Mimi nani angeniambia? Nimekaa miaka tisa nikingoja kuambiwa anataka kurudi."

Alisema hayo akimtazama mama mkwe, si mimi, kwa sauti ile ile anayoombea chakula. Nilikuwa bado nimesimama na birika. Kutoka chumba changu cha Skuta hadi langoni kwake ni mwendo wa nusu saa, na miaka hiyo yote tisa nilikuwa nimekaa kule nikingoja kuulizwa.